Kadi za Neno la Kijani

Katika ofisi ya kamusi, kila maana ya neno la Kiingereza hupewa kadi yake, na kila kadi hubeba sentensi moja ya mfano kwa Kiswahili. Mwandishi huitunga mwenyewe. Kila Alhamisi, kabla ya kadi kuchapwa, huzisoma kwa sauti mbele ya mhariri mkuu na mpigachapa. Mpigachapa hajui Kiingereza, na ndiyo sababu anaitwa: asichokielewa yeye hakiingii kamusini.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya mwandishi wa herufi G. Wenzake walimwita Bi Nukta, kwa kuwa kila alichosema kilikoma upesi. Neno lake lilikuwa green. Alikuwa amelishughulikia kwa wiki mbili, na kwa muda huohuo alikuwa na swali la mumewe ambalo hakulijibu.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mwaka wa nne ughaibuni. Kampuni ilitaka kumwongezea mkataba wa miaka miwili. "Nikubali au nirudi?" aliuliza kwa simu. "Fanya unavyoona," alimjibu, kisha akajilaumu. Alitaka kusema arudi, basi. Siku ya mwisho ya kutia saini ilikuwa Ijumaa, siku moja baada ya zamu yake.

Bi Nukta alianza na asili ya neno. "Hili ni ndugu wa damu wa maneno ya Kiingereza ya kukua na ya nyasi. Mzizi wao ni mmoja. Watu waliona kinachoota, wakaipa rangi jina lake."

"Kama sisi na jani letu," alisema mhariri mkuu, mzee aliyesikiliza akiwa amefumba macho. "Na hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila mmoja alichungulia dirisha lake. Endelea."

"Kadi ya kwanza, rangi. 'Shati lake la kijani bado limetundikwa nyuma ya mlango.'"

"Inaeleweka," alisema mpigachapa.

"Ya pili, tunda ambalo halijaiva. 'Aliondoka machungwa yakiwa mabichi, nayo yameiva mara nne tangu hapo.'"

"Inaeleweka."

"Ya tatu, mbao ambazo hazijakauka. 'Kitanda cha mbao mbichi hupinda upande usiolaliwa.'"

Mpigachapa alikohoa.

"Ya nne, mtu asiye na uzoefu. 'Alikuwa mgeni wa kazi hata akajifungia ndani ya lifti.' Ya tano, mwenye kijicho. 'Humwonea kijicho jirani anayegombana na mumewe kila asubuhi.' Ya sita, ishara ya ruhusa. 'Taa ilipowaka kijani teksi iliondoka, wala hakugeuka nyuma.'"

Mhariri mkuu alifumbua macho. "Mwanangu, weka kadi chini. Huyu mtu anarudi lini?"

"Mtu gani, Mzee?"

"Mwenye shati."

"Mimi Kiingereza sijui," alisema mpigachapa, "lakini huyo fundi sasa namjua mpaka saizi ya kola. Hata kitanda, dada? Kitanda nacho nikipige chapa?"

Bi Nukta alizitazama kadi. Alizitunga kila moja kwa siku yake, na kila moja, ikiwa peke yake, ilikuwa sahihi. Hakuwahi kuzisoma kwa mfululizo. Masikio yalimwaka moto.

"Kanuni unaijua," alisema mzee. "Mfano ni wa watu wote. Mtu anatafuta rangi ya ukuta, anakutana na kitanda chako. Utaziandika upya. Lakini hizi zina mwenyewe. Mpelekee."

"Atanicheka."

"Acheke. Miaka minne hii amecheka na nani?"

Saa ya chakula alisimama kwenye ngazi, simu sikioni, akamsomea. Kwenye kadi ya tatu mumewe alicheka. Kwenye ya tano aliacha kucheka. Akamsomea na ya saba, ambayo ofisini haikufikiwa, ya uwanja wa nyasi: "'Wawili walipanda nyasi uani, na mmoja ndiye anayezikanyaga.'" Kadi zikaisha.

"Rudi," alisema.

"Nilitia saini jana," alisema mumewe. "Hukusema njoo, hukusema kaa. Nikaona nikate katikati. Nimewaomba mwaka mmoja badala ya miwili, wakakubali."

Bi Nukta aliegemea ukuta. Alihesabu miezi kwa vidole, akakosea, akaanza tena. Juu yake mpigachapa alikuwa amerudi mezani. Vitufe vilisikika vikigonga.

"Upo?"

"Nipo."

"Umekasirika?"

"Nimejikasirikia. Ningesema wiki mbili zilizopita, sasa hivi ungekuwa unafunga mizigo."

"Ningekuwa nafunga," alikiri mumewe. "Lile sanduku lenye zipu mbovu ningelifunga kwa kamba."

"Kamba ya nini? Nunua jingine. Una mwaka mzima."

Mumewe alicheka kidogo. Nyuma yake mtu alimwita kwa lugha ngeni. "Wananiita kazini, mke wangu. Nakata."

"Usikate," alisema. "Sijamaliza."