Pembe Zisizodondoka

Bwana Henrik, mzungu mwenye kitalu kidogo cha uwindaji nyuma ya Ilagala, alimtuma Kaneza, mkimbizi wa Burundi, akamwokotee pembe zilizodondoka. Kwao uzunguni, alisema, wanyama huziangusha kila mwaka, safi kama fimbo. Kaneza alikulia zizini; alijua pembe za huku hazidondoki mpaka mnyama afe. Lakini mkimbizi atabishana na nani? Akaenda porini, akabeba kichwa cha kongoni kilichooza, funza wakimtambalia hadi kwapani.

Alipokibwaga barazani, mzungu aliziba pua kwa leso.

“Nilitaka pembe tu!”

“Hizo hapo, Bwana. Huku tunazikuta na mwenyewe.”

Mzungu akazipima urefu kwa macho, akatabasamu. “Kesho lete nyingine. Ila uzioshe.”

Kaneza, aliyewavumilia funza njia nzima, hapo ndipo alipotapika.