Mtu wa Kushika Kamba

Kata ilikwaruza chini ya pipa, kwaru, kwaru, na Koki akafumbua macho. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Uani, mkewe alikuwa ameinamia pipa nusu ya mwili, akikomba maji ya mwisho kwa mwanga wa simu.

"Mume wangu anafungulia maji mji mzima," akasema bila kugeuka, aliposikia ndala mlangoni, "na mimi nakomba pipa kama mwizi wa asali."

"Kinyozi hajinyoi, Mama Pacha."

"Basi nenda kwa Mhandisi akunyoe yeye. Si ndiyo leo?"

Ndiyo ilikuwa leo. Mhandisi alikuwa anangoja jibu.

Jina la Koki alipewa na watu wa mitaani kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa Idara ya Maji, akizunguka alfajiri kufungua na kufunga koki za mabomba makubwa yaliyofukiwa chini ya barabara, ili kila mtaa upate zamu yake. Kuyafikia, fundi hushuka ngazi ya chuma ndani ya shimo lenye mfuniko, wanaloliita chemba. Chemba ikikaa imefungwa, hewa yake huharibika, na haina harufu. Mtu hulegea tu kama aliyeshikwa na usingizi, akaangukia majini. Kwa hiyo mafundi walikuwa na sharti moja: mmoja akishuka, mwenzake abaki juu ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye chini.

Mwenzake Koki alikuwa mwembamba, mrefu, wakamwita Kimbaumbau. Walishikiana kamba mpaka wake zao wakaanza kuitana dada.

Halafu ikaja asubuhi ile. Mhandisi, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wao, alipiga simu wakiwa njiani. Kimbaumbau akaweka sauti juu ili wasikie wote wawili. Gawaneni, Mhandisi akasema, kila mtu chemba yake, maji yafike mtaa wa juu kabla wakubwa hawajaamka.

"Na kamba yangu atashika nani, bosi?" Kimbaumbau akauliza.

"Shika kwa meno."

Wakacheka, maana Mhandisi alikuwa mtu wa mzaha. Wakagawana. Koki alimaliza chemba yake, akangoja kwenye kona waliyoagana, akangoja, mwisho akaenda kutazama.

Idara ikaandika kwamba marehemu alishuka peke yake kwa uzembe wake. Mzembe halipwi fidia, na mjane wa mzembe hana haki ya kuendelea kukaa nyumba ya Idara. Simu ilikuwa imezama pamoja na mwenyewe. Mhandisi hakukaa sana, akaacha kazi ya serikali, akafungua kampuni ya malori ya kuuza maji. Mjane naye alizunguka ofisi moja hadi nyingine, viatu vikaisha soli, mpaka ikaundwa kamati ya kusikiliza upya. Ingekaa kesho kutwa. Aliyesikia ile amri akabaki hai alikuwa Koki peke yake.

Na sasa Mhandisi anamtaka Koki ahamie kwenye kampuni yake.

Mkewe alimwekea maji ya kunawa. Alikuwa ameyapasha moto kidogo, kwa sababu mgongo wa Koki huuma asubuhi.

"Nieleze tena unachoogopa," akasema.

"Serikali ni mama mzazi. Akikosa cha kukupa, angalau hakufukuzi. Nikivumilia mpaka nistaafu, kiinua mgongo changu kipo. Kampuni ni mama wa kambo. Leo anakupenda, kesho anakuonyesha mlango."

"Mama mzazi gani hajakulisha tangu mvua zilizopita? Mapacha wako hao wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, wamejaa ndani kama mizigo. Na siku hizi unashuka na nani?"

Koki alinawa uso. Siku hizi alishuka peke yake. Idara haikuwa imeajiri mtu.

"Najua kinachokukaba," mkewe akasema, na sauti ikashuka. "Si kiinua mgongo. Ni dada yangu yule. Siku ya mazishi ni mimi niliyemshikilia asianguke, usidhani nimesahau. Lakini na mimi sitaki kuja kushikiliwa."

Koki alijifuta uso. Akavaa shati, akatoka.

Ofisi ya Mhandisi ilikuwa kibanda cha mabati katikati ya uwanja wa malori, matope yamechanganyika na mafuta. Mhandisi alimwona tu anavyotembea, akainuka, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile chenye mto wa mgongo. Ule ulikuwa wema, na Koki aliujua kuwa ni wema. Angekuwa mtu mbaya kutwa nzima, ingekuwa rahisi.

"Mzee wangu, chini ya mji huu unakujua wewe tu. Utanisimamia malori. Kazi ya juu ya ardhi, kwenye jua, na mshahara haupitishi mwezi. Nguo za kazi nimekwisha kukushonea. Kiuno nimekikisia, ukinenepa kwangu tutapanua."

Akacheka. Koki naye akacheka, akashtuka kujisikia anacheka.

"Na kamati?" akauliza.

"Sikuombi useme uongo, Mungu apishe mbali. Yule bwana aliposhuka kwenye chemba yake, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi. Wakikuuliza, sema hivyo hivyo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini wakiuliza habari ya simu?"

"Nani atauliza? Wanajua kulikuwa na simu?" Mhandisi akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Ukitaka kuwafundisha la kuuliza, ni hiari yako. Ila hapo utakuwa umechagua kubaki serikalini, na kule bado nina rafiki zangu. Sijui kama watakuacha ubaki."

Koki alitoka na zile nguo chini ya kwapa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini nguo alizichukua.

Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Mjane alikaa kando ya ukuta, mkoba magotini.

"Marehemu aliposhuka, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama."

Wengine wakaanza kukusanya karatasi zao. Yule mama akaweka kalamu chini, akamtazama Koki, kisha akamsogezea bilauri ya maji.

"Kuna lolote ungependa kuongeza? Usiharakishe, baba. Tutakungoja."

Wakamngoja kweli. Koki alikunywa yale maji polepole, na kila kitu kikampita mbele ya macho: mapacha wamekaa ndani, ngazi ya chuma inayoteleza, mkewe akishikiliwa na wanawake wawili. Neno lilipanda kifuani, likafika kooni, likafika kwenye meno.

"Hakuna, mama."

Mjane hakulia, wala hakumtazama. Alifungua mkoba, akatafuta kitu ndani yake, akaufunga bila kukitoa.

Mshahara wa kampuni ulikuja kwa wakati, kama alivyoahidiwa. Mapacha walirudi shule. Lori lilipita nyumbani kujaza pipa, na mkewe hakuwa tena na cha kukomba, wala mzaha wa kumtupia. Walikuwa watu waliopata, wakawa wanasalimiana kwa upole kama wagonjwa.

Barua ya kumhamisha mjane ilipotoka, Koki alikodi mkokoteni, akaenda. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Mjane alimwelekeza tu kitanda kilipo. Akakibeba, mgongo ukilalamika, na mkokoteni ukaenda hadi chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, ambako vumbi la mbao lilipenya chini ya mlango. Wasichana wawili wadogo wa mjane walifuata wamebeba masufuria. Mdogo alimwambia mke wa seremala, kwa sauti ya kujivunia:

"Huyu ndiye alikuwa anamshikia baba kamba."

Koki aliinama akajifanya anakaza mguu wa kitanda.

Walipomaliza, mjane alimpa kigoda pekee kilichokuwa kizima, yeye akakalia ndoo iliyogeuzwa. Akawatuma watoto nje.

"Shemeji," Koki akaanza, "siku ile kwenye kamati..."

"Mimi nilikuwepo, shemeji. Nilisikia."

Ng'ambo ya ukuta msumeno ulipiga kelele, ukanyamaza.

"Mume wangu hakushuka bila mtu juu hata ndotoni," akasema. "Kwa hiyo nilijua alitumwa, na nikajua nani alisikia akitumwa. Nimekuchukia. Nimekuchukia mpaka nimechoka, maana nafua nguo za watu, na mikono hii siwezi kuitumia kwa kazi mbili."

Koki aliinuka. Kofia ikamwanguka kutoka mapajani.

"Basi sitakuja kukutonesha tena."

"Nani amekwambia usije?" Mjane aliinua uso, na sasa ndipo alipomtazama. "Wanangu wanaambiwa shuleni kwamba baba yao alikufa kwa uzembe. Imeandikwa, haifutiki. Mimi nikisema sivyo, wanaona ni mama tu huyo, atasemaje. Wewe mbele ya wakubwa ulishindwa. Mbele ya watoto pengine utaweza. Leo huwezi, naiona midomo yako." Akamwokotea kofia yake iliyoanguka, akaipangusa vumbi la mbao, akampa. "Haya, nenda kapumzishe mgongo. Lakini njoo tena, shemeji. Jumapili, watoto wakiwepo, njoo tena."