Kome wa Chini ya Jiko la Hilda

Hilda alijua sumu imetoka wapi. Daktari Lavinia, mtaalamu kutoka Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, alisimama mbele ya kanisa akaeleza kwamba kome wa pale kisiwani Nggela wamekutwa na baruti mwilini, baruti ya mabomu ya vita ile ya mababu. Alikuja na mapipa sita ya vijidudu vinavyoila. Unavimwaga kwenye tope pamoja na molasi, vinakula mpaka panatakata. Ila mapipa ni hayo sita tu, na kesho yote yangemwagwa gatini, yalikozama mabomu.

Gatini! Gati na sumu ile wapi na wapi? Marehemu Silas, mume wa Hilda, ndiye aliyekuwa akipasua mabomu kwa msumeno apate baruti ya kulipulia samaki. Kijiji kizima kilikula samaki wale na kumsifu kwa ukarimu. Na beseni lake la baruti nani alilisuuza kila jioni, maji ya manjano yakatiririkia mikokoni chini ya jiko lililojengwa juu ya nguzo, palepale alipofugia kome? Hilda huyo huyo. Jumamosi ni karamu ya kuanua matanga ya Silas. Akisema sasa, masikini mume wake atazikwa mara ya pili, safari hii kwa aibu. Akatoka kabla ya chai kumiminwa, moyo ukimsuta.

Nyumbani alimkuta Doreen, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba, akijipakulia bakuli la pili la mchuzi wa kome.

"Acha, mwanangu. Usile."

"Mama naye! Si wanasema wabaya ni wa gatini? Hawa umenilisha mwenyewe miezi yote hii."

Maneno yale yalimchoma Hilda kuliko msiba wenyewe. Alimpokonya bakuli, akarudi kanisani karibu anakimbia. Watu walikuwa bado wanakunywa chai.

"Mapipa yaleteni kwangu," alisema. "Silas alipasua mabomu, mimi nikasuuza beseni."

Edmund, mdogo wake Silas, alimwambia, "Kaa chini, shemeji. Usimvue nguo marehemu."

Hakukaa. Lavinia alimuuliza taratibu ni nani aliyekula kome wa pale.

"Mkwe wangu," Hilda alisema.

Doreen alikuwa amemfuata. Alisimama mlangoni, mikono yote miwili tumboni.

"Daktari," aliuliza, "hivyo vijidudu mtu anaweza kuvinywa?"

"Hapana," Lavinia alisema. "Hivi vinafanya kazi topeni tu."