Posa ya Fundi wa Petroli

Siku ya koito, wanaume wa pande mbili wanapoketi kuulizana koo na kuzungumza posa, kazi ya mama wa msichana iko jikoni. Joan aliijua desturi hiyo na alikuwa ameapa kuifuata. Alikuwa na diploma ya kilimo, ng'ombe wanne wa maziwa, shamba la majani chai lililoteremka hadi mtoni, na mdomo ambao mumewe Johana aliuombea kila Jumapili.

"Leo utanyamaza," Johana alikuwa amemwambia asubuhi akifunga tai.

"Nitanyamaza."

"Hata kaka yangu akiongea."

Hapo Joan alichelewa kidogo kujibu. "Nitajaribu," alisema.

Alikuwa na sababu ya kujaribu. Binti yake Cheptoo alikuwa akisomea ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi, bado mwaka mmoja amalize, na mchumba wa kwanza aliyekuja alitaka aache masomo mara moja akafue nguo zake. Joan alimsindikiza huyo hadi barabarani. Huyu wa sasa, Kipngeno, alikuwa na gereji ndogo mjini Kericho, na jambo la kwanza alilomtuma mjumbe wake kusema ni kwamba Cheptoo amalize chuo kwanza. Kwa neno hilo moja Joan alikuwa tayari kupika siku tatu mfululizo. Wakwe kama hao hawaokotwi njiani.

Jiko lake liliungana na sebule kwa ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana, hivyo kila neno la sebuleni lilimfikia likiwa moto. Karibu naye, juu ya kigoda, alikaa Loice, dada ya Johana, na bakuli la siagi mapajani. Wageni wakishakubaliwa, shangazi huingia na siagi kuwapaka kichwani. Ikishapakwa, mambo yamekwisha. Hakuna mtu anayeweza kuirudisha kwenye bakuli.

"Na nitajuaje kama wamekubaliana?" Loice aliuliza. Masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka kabla ya miguu.

"Ukisikia wote wanacheka pamoja, ingia," Joan alimwambia karibu na sikio. "Wazee wa hapa hawacheki kabla mambo hayajakwisha."

Mambo yalianza vizuri. Koo ziliulizwa, zikaonekana zinaweza kuoana. Arap Tonui, baba yake Kipngeno, mzee mrefu aliyetoka Soin kule chini kwenye joto, alisifu maziwa ya kibuyu. Johana alimshukuru. Kisha Kipkemoi, kaka mkubwa wa Johana, akakohoa.

Joan alikijua kikohozi kile. Kipkemoi alikuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila alipokohoa hivyo, gazeti lilikuwa linatolewa mfukoni.

"Kabla hatujaendelea," Kipkemoi alisema, "kijana anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa magari," Arap Tonui akajibu. "Mnajua."

"Magari ya petroli?"

"Kuna ya maji?"

Gazeti likakunjuliwa. "Hapa wameandika kwamba serikali ya jimbo moja huko Amerika imetoa amri. Kampuni za magari zianze kuuza magari ya umeme. Miaka inapoenda, hii petroli itaondolewa. Ikianza huko, itafika hapa, vile suruali ilifika. Sasa nauliza kama mzazi. Serikali ikipiga petroli marufuku, msichana wetu atakula nini? Spana?"

Jikoni, mwiko wa Joan ulisimama ndani ya sufuria.

"Mzee Kipkemoi," Arap Tonui alisema polepole, "umeme tunaoujua sisi Soin ni wa radi. Huo ukiingia kwa gari, dereva hashuki."

"Hayo ni maneno ya watu wa chini. Huku milimani tuna umeme."

"Nimeona nguzo zikipita hapo juu ya nyumba zikienda kiwanda cha chai. Lakini huyu ndugu yako amewasha taa ya kandili mchana huu ili tuonane. Huo umeme ni wa majani chai peke yake?"

Johana alikohoa, lakini kikohozi chake hakikuwa na gazeti.

"Serikali ikiamuru inaamuru," Kipkemoi aliendelea. "Chifu aliposema kila boma lichimbe choo, watu hawakunung'unika? Leo nani anataka kurudi kichakani?"

"Choo nilichimba mwenyewe kwa jembe. Umeme nitauchimba wapi? Kama serikali inataka tuache petroli, ilete kwanza hicho kingine mpaka mlangoni. Huwezi kumnyang'anya mtu fimbo katikati ya mto."

"Na moshi je? Wameandika watoto wa huko wanakohoa kwa sababu ya moshi wa magari. Tungoje mpaka wetu wakohoe?"

"Hapo una neno," Arap Tonui alikubali. "Mimi sipendi moshi. Lakini mtu huambiwa nenda kwa kuonyeshwa njia, si kwa kusukumwa."

Huo ungekuwa mjadala mzuri siku nyingine. Joan mwenyewe angeweka kiti karibu. Lakini Kipkemoi hakujua kushinda nusu.

"Basi tumekubaliana kazi ya kijana inakufa," alisema. "Napendekeza tungoje tuone serikali itaamua nini. Miaka mitano hivi. Sitaki ifike siku tuambiwe tulimpa mtoto wetu mtu wa kufungua boliti zilizopigwa marufuku."

Joan aliinama kwenye ufa wa ukuta. Alimwona Kipngeno ametazama mikono yake, ile aliyoisugua kwa sabuni mpaka ikawa myekundu kwa ajili ya siku hii, na bado weusi wa oili ulikuwa umebaki kwenye kucha. Alimwona Arap Tonui akinyoosha mkono kuchukua kofia yake gotini, kisha akisimama, taratibu, kama mtu anayebeba jiwe.

"Tumeshukuru kwa maziwa," mzee alisema. "Tutarudi serikali ikiamua."

Johana alisimama pia.

Desturi inakataza mama wa msichana kubishana na wakwe. Hakuna desturi inayomkataza mwanamke kuongea na ukuta wa jiko lake.

"Shemeji Kipkemoi," Joan aliuambia ukuta.

Kule ndani watu walitazamana.

"Shemeji, naongea na wewe tu. Wageni wasinisikie. Hiyo Peugeot yako uliyokuja nayo inakunywa nini?"

"Petroli," Kipkemoi akajibu, akiwa hajaamua kama anafaa kujibu ukuta.

"Na amri yako ikifika, utaipeleka wapi?"

"Itabidi... itageuzwa. Iwekwe ya umeme."

"Na nani? Nani katika ukoo huu anajua umeme?"

Kipkemoi alilikunja gazeti lake.

"Nikukumbushe. Cheptoo alipotaka kusomea umeme, ni wewe ulisema nyaya si kazi ya msichana, aende uhazili. Ukakaa kwenye kiti hicho hicho, ukanywa chai yangu vikombe vitatu. Nilikataa. Sasa unaniletea gazeti linalosema dunia nzima inaelekea kwa mtoto wangu. Asante."

Mtu mmoja wa upande wa wageni alianza kukohoa ndani ya kiganja.

"Kwa hivyo sikiliza hesabu yangu, haina shida. Petroli ikibaki, kijana atamlisha msichana. Petroli ikipigwa marufuku, msichana atamlisha kijana. Serikali iharakishe, serikali ichelewe, kwa hao wawili sufuria iko jikoni. Mwenye kuogopa hapa ni wewe. Siku hiyo, Peugeot yako itakuwa nyumba ya kuku, na wewe utakuwa unaomba kazi ya kuokota mayai."

Arap Tonui ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka chini kabisa, kikapanda ule urefu wake wote, kikaitikisa kofia mkononi. Wageni wakafuata. Johana akacheka mpaka akaketi. Hata Kipngeno aliinua macho kutoka kwenye kucha zake, na mwisho Kipkemoi, aliyejitahidi kukaza uso, akashindwa.

Wakacheka wote pamoja.

Joan aligeuka kuchukua mwiko. Kigoda kilikuwa kitupu.

Loice alikuwa ameshaingia. Alikwenda moja kwa moja kwa mgeni mkubwa, aliyesimama kichwa wazi na kofia mkononi kana kwamba alikuwa akimsubiri yeye, akachota siagi kwa vidole vitatu na kumpaka utosini. Akamgeukia Kipngeno, akampaka mara mbili kwa sababu ndiye mchumba mwenyewe.

Kicheko kilikatika.

"Loice," Kipkemoi alisema. "Nani amekuambia?"

"Ati nini?"

"Nani amekuambia upake?"

"Si mmecheka," Loice alisema, akishangaa kuulizwa jambo lililo wazi.

Siagi ilianza kuyeyuka na kuteremka kwenye paji la uso la Arap Tonui. Hakuifuta. Alimtazama Johana, na kila mtu akamtazama Johana, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametamka maneno yasiyojaza kijiko.

"Siagi hairudi kwenye bakuli," Johana alisema. "Mkwe wangu, keti. Weka kofia mbali isichafuke."

Arap Tonui akaketi. Jikoni, Joan alijishika kiuno kwa mikono miwili na kutazama dari mpaka macho yalipokauka, kisha akapiga kelele kwa wanawake nje walete nyama. Cheptoo, aliyefichwa kwa jirani tangu asubuhi, alisikia vigelegele akakimbia kupitia majani chai kwa viatu vizuri, jambo ambalo mama yake angemgombezea siku yoyote nyingine.

Kulikuwa na kichwa kimoja tu kikavu. Kipkemoi alikaa kwenye kona yake akijifanya anasoma, mpaka Loice aliposimama mbele yake na bakuli.

"Inama."

"Mimi si mgeni."

"Umeongea kama mgeni. Inama."

Aliinama. Akapakwa. Loice alipomaliza alitafuta kitambaa cha kufutia vidole, akakosa, akalichukua lile gazeti kutoka kwenye magoti ya Kipkemoi, akajifuta vizuri kidole kwa kidole, juu kabisa ya picha ya gari la umeme.

"Hiyo habari sijaimaliza," Kipkemoi alisema.

"Muulize mkwe wako wa gereji, na Cheptoo," Joan alisema kupitia ukutani. "Wao watakumalizia."