Mkanda wa Kujichagulia

Mwalimu wa udereva aliugua mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa malengelenge unaozunguka ubavu mmoja, na malengelenge yalipokauka kila mtu akampongeza kwa kupona. Daktari alimpongeza, mumewe akampongeza, wifi yake akaja na keki. Tatizo dogo tu ni kwamba maumivu hayakupewa taarifa. Yalibaki palepale, kuanzia chini ya titi mpaka mgongoni, yakichoma kama pasi, na mwaka ukakatika.

Kazini ndiko kulikonoga. Alikaa pembeni ya watu wasiojua breki na klachi zinatofautianaje, na kila gari liliporuka, mkanda wa kiti ulimkwaruza palipo pabaya.

Nyumbani nako alihudumiwa kwa hekima. Mumewe, fundi wa friji, alimshauri apunguze mawazo. Wifi alimfunua blauzi, akachungulia, akatoa hukumu kwamba ngozi ni nyororo kama ya mtoto, sasa kinachouma ni nini? Daktari alimwandikia vidonge vya kusinziza, ambavyo kwa mtu anayeshinda barabarani na wanafunzi ni zawadi ya kipekee.

Mwanafunzi wake mmoja, msusi, ndiye aliyemwelekeza kwa mchora tatuu, aliyewahi kumchora msusi huyo juu ya kovu la upasuaji. Mwalimu akaenda, zaidi kwa hasira kuliko kwa imani. Alitegemea kukuta jitu la kutisha. Juu ya duka la viatu akakuta bwana wa makamo mwenye miwani, ananukia sabuni. Alikuwa na taratibu zake. Walinawa mikono wote wawili, kisha akamwomba aweke kidole maumivu yanapoanzia na akipeleke mpaka yanapoishia. Mwalimu aliona ni mbwembwe tupu. Lakini kidole kilipotembea, na kalamu ya yule bwana ikikifuata bila kumkatiza, alijikuta anakipeleka polepole, asiruke hata inchi moja.

"Nikuchoree nini, mama?"

"Mkanda. Wa kusuka, na uwe na chuma cha kufungulia. Huu niliopewa haukuwa nacho."

Sharti lilikuwa moja: sindano haigusi ngozi mpaka mteja aseme anza, na akisema simama, inasimama. Akasema anza. Iliuma, tena iliuma kwelikweli. Akasema simama, na maumivu mapya yakakoma papo hapo. Akaduwaa. Mwaka mzima hakuna aliyemtii, si wanafunzi, si mume, si ubavu wake mwenyewe. Akasema anza tena. Akaendelea hivyo, anza, simama, mara nyingine bila sababu yoyote, kwa raha zake tu, machozi yanamtoka na anacheka, na mchoraji alitii bila kuguna.

Asidanganywe mtu: maumivu ya zamani hayakuondoka. Kesho yake yalirudi kama mpangaji mwenye mkataba. Ila yalipoanza, aliweka kiganja juu ya chuma cha mkanda, akavuta pumzi, akayangoja yapite. Zamani alikuwa akiyakimbia chumba hadi chumba.

Wifi alikuja mbio kuona aibu ya ukoo. Alipoona wino na ngozi iliyovimba, akashika mdomo.

"Pole jamani, wifi yangu. Haikukuuma?"

Kwa mwaka wa kuungua hakuambulia pole hata ya mtu aliyekosea namba ya simu. Kwa wino wa mchana mmoja aliletewa supu na mto wa kuegemea. Akavipokea vyote, wala hakujisumbua kueleza.

Mumewe alinuna, kama ilivyo haki ya mume. Kisha asubuhi moja zipu ya gauni ikamkwama mwalimu, akamwita. Kwa kawaida angemkamata ubavuni kama anahamisha friji. Safari hii mkono ulisita, ukapita juu ya mchoro bila kuugusa.

"Maumivu yanaanzia hapa?" aliuliza.

"Hapo hapo."

"Na yanaishia wapi?"

Akamwonyesha. Mumewe akainama kutazama, akavaa na miwani kabisa, na mwanafunzi wa saa mbili asubuhi akaachwa nje, kwenye gari la mafunzo, apige honi mpaka achoke.