Kavuo Makumi Ine na Moja

Bibi yangu, mama wa binti yangu, alikufa mwezi wa pili, na mu kabati ya bureau yetu iko na afya nzuri sana. Hivi njo bakubwa banachungaka batu siku hizi: mwili inaenda ku udongo, karatasi inabakia ku kivuli na ufunguo.

Mimi ni Kahongya, sentinelle ku mulango ya shirika moja hapa Butembo, ile inasaidia bakimbizi ba upande wa Beni. Mimi mwenyewe nilitoka kule, pamoja na bibi, Bénite Kavuo, siku nyumba yetu ilichomwa. Bale bako na kazi ya kulinda batu, siku ile hatukuona hata kofia yao. Lakini hapana kulalamika. Leo tuko na batu ba kulinda karatasi yetu, na bale hawachelewake hata dakika.

Foto yote ya bibi iliungua mu nyumba. Ilibakia paka moja tu, ile shirika ilimupiga siku ya kuandikishwa: amesimama mbele ya shuka nyeupe, kitambaa ya kijani ku kichwa, macho ya mutu anangojea kuulizwa neno mubaya. Ile foto nilikuwa naitafuta kwa misa ya kumaliza matanga. Siku ile, kwetu, foto ya marehemu inawekwa mbele ya altare na mushumaa. Binti yangu Keren aliniambia, "Papa, bila foto, batu bataombea meza."

Kama ningeomba mwezi wa tano, ingekuwa kazi ya dakika mbili. Wakati ule kabati haikuwa na ufunguo. Karatasi ya zamani, mama Tamar anayefagia bureau alikuwa anapelekea dada yake mwenye kuuzisha mikate ya mafuta ku soko, anafungia nayo mikate. Butembo muzima ilikula na orodha yetu. Mpaka siku mama moja muzungu, mujumbe wa bale banatoa musaada, alinunua mikate mbili, akasoma ku karatasi jina ya mutu, kijiji yake, na magonjwa yake yote, hata ile mutu hasemake mbele ya mama yake.

Kisha njo politique, kanuni ya kuchunga habari ya batu, ikakuja. Ilikuja na mutu: Maître Ananie, wa sheria, kutoka Kinshasa. Alishuka ndege ku Beni, akafika kwetu na vumbi kidogo na Kifaransa mingi. Atelier ya kutufundisha ilikuwa siku tatu. Kuku siku ya kwanza, kuku siku ya pili, samaki ya Kyavinyonge siku ya tatu, ju sheria inaombaka tumbo yenye nguvu. Politique yenyewe ilikuwa kurasa makumi ine na sita. Mimi nilikuwa nabeba viti.

"Sheria ya inchi inaomba habari ya mutu ichungwe," Maître alisema. "Donc ku kila fiche ya mukimbizi tunatosha na kufuta prénom ya ubatizo, tunatosha jina ya baba. Tunaacha paka jina ya katikati. Mwizi akiiba fiche, hatajua ni ya nani."

Niliweka kiti chini.

"Maître, samahani. Kwetu ile jina ya katikati haitajake mutu. Inasema paka alizaliwa wa ngapi. Mwana wa kwanza ni Paluku, ku kila nyumba. Masika, Kavira, Kavuo, ni vilevile kwa babinti. Ukiita Paluku ku soko, hata mwizi wako atageuka."

Batu bakacheka. Chef Stanislas, mukubwa wa bureau, hakucheka. Chef ni mwana wa hapa, na yeye mwenyewe ni Paluku. Ile jambo anaijua kuliko mimi. Lakini aliangalia Maître, akaangalia sahani, akasema, "Papa Kahongya, acha batu ba masomo bamalize."

"Mais ni vizuri kabisa," Maître aliniambia na kicheko ya upole. "Si unaona vile habari imelindwa?"

Mbele ya kupanda ndege, alifuta majina mu ordinateur, kompyuta ya bureau. Fiche ya zamani ilipita mu mashine ya kukata karatasi. Ile mupya ilibakia na foto, kijiji, na jina moja.

Nikaenda kwa Falonne, secrétaire wetu, binti wa adabu, aliingia kazi mwezi wa tatu, kisha bibi yangu amekwisha kwenda.

"Mwanangu, naomba foto ya mama Bénite. Misa ni siku ya munane kutoka leo."

Alifungua politique ukurasa ya kumi na mbili. "Papa, habari inatolewa kwa mwenyewe tu. Aje na carte yake."

"Mwenyewe iko ku makaburi."

"Hapo anaweza kukuandikia procuration, barua ya kukupa ruhusa." Kisha akasikia neno alilosema, akafunika kinywa. "Papa, unisamehe. Lakini haikuandikwa namna ingine."

"Hapana shida. Nitamupelekea bic ya kuandikia."

Siku ya kugawa bâche za kufunika nyumba, politique ilianza kutumika. Falonne alisimama ku baraza na mégaphone, akasoma, "Masika." Bamama makumi sita bakasimama. Akasoma tena, polepole, kama shida ilikuwa mu masikio yao: "Masika."

"Mwanangu," mama moja akamujibu, "sema Masika wa nani. Kusimama, kukaa, kusimama, tumechoka. Hapa si misa."

Ile siku hakuna bâche ilitoka. Mvua yo ilitoka.

Kesho yake Chef Stanislas aliniita mu chumba ya kabati, mahali sentinelle hana ruhusa ya kuingiza hata pua.

"Papa Kahongya, bale batu bote banapita ku mulango yako. Sura zao unazijua?"

"Sura najua, Chef. Sheria njo sijui."

Alinipa karatasi ya kusaini kwamba kitu nitaona mule ndani haitatoka. Nikaandika jina yangu, herufi munane zinapandana. Halafu akafasiria kazi. Falonne ananionyesha foto. Mutu ninayemujua, Falonne anaandika jina yake yote, fiche inarudi mu kabati: ufunguo mbili, moja kwa Chef, moja kwa Falonne. Mutu asiyejulikana, fiche inawekwa mu karton, na ukurasa ya makumi tatu na moja ya politique inasema sentinelle ataichoma nyuma ya choo na kusaini kwamba imeungua.

Tulianza na Kavuo. Walikuwa makumi ine na moja.

"Huyu?"

"Débora. Bwana yake ni motari, wa pikipiki. Anauzisha samaki."

"Huyu?"

"Virginie. Alisema ametoka Beni. Alitoka Kanyabayonga. Mimi sijasema kitu."

Falonne alicheka polepole, akaandika. Tukaenda vile mpaka ya makumi mbili na sita. Kitambaa ya kijani.

"Huyu?" Alikuwa ameinama, bic mu mukono.

Nikisema ni Bénite, anarudi mu kabati, ufunguo mbili juu yake, na mimi naenda tena kutafuta procuration ku makaburi. Miaka makumi mbili na tisa nilimuita jina kila asubui. Mudomo ulikuwa umeisha kufunguka wenyewe.

"Simujui."

Falonne aliinua kichwa. Aliangalia foto, akaniangalia.

"Hata kidogo, Papa?"

"Hata kidogo."

"Hajapita hata siku moja ku mulango?"

"Batu banapita mingi."

Aliandika "hajulikani", mukono wake ukaenda pole, akaweka fiche mu karton, foto ikiangalia chini. Bale Kavuo kumi na tano walibakia, niliwataja bila kujua ninasema nini.

Saa ya kuchoma, mu karton kulikuwa fiche saba. Nilichoma saba kamili, ju mimi ni mutu wa sheria. Foto moja tu njo nilitosha kwanza na kisu ku karatasi yake, nikaiingiza mu shati. Nikasaini.

Ku misa, Chef Stanislas alikuja, akakaa ku kiti ya mbele. Miaka mbili Bénite alikuwa ananiletea chakula ku mulango na kumusalimia Chef kila siku mu Kinande, luga yetu. Kisha misa alisimama mbele ya foto, mikono nyuma.

"Mama alikuwa na sura ya upole. Foto muliipata wapi?"

"Ku jamaa, Chef."

"Vizuri. Jamaa inapashwa kuchunga vitu yake."

Nikamushukuru, ju anajua kusema. Batu walipotoka kwenda kula, nilibakia peke yangu na Bénite. Nilimuambia mu luga yetu kwamba nilimukana mara moja tu, mbele ya mutu mumoja, na hapakuwa hata jogoo karibu.