Faida Kumi na Mbili na Lifti Moja Mbovu

Ofisini walimwita Slaidi, kwa kuwa hata akiomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino aliiomba kwa slaidi. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wawekezaji kwamba nchi inayoinukia kiuchumi ndiyo mahali pa kuweka mtaji: soko changa, vijana tele, washindani wa kuhesabu. Faida kumi na mbili alizijua kwa moyo. Tatizo, ofisi ilikuwa ghorofa ya tisa, na lifti ilikufa mwezi wa pili. Sasa ulikuwa wa kumi.

Asubuhi hiyo alishuka kumpokea mwekezaji, mama wa makamo kutoka nchi jirani, mwili umejaa, magoti yanalia kama bawaba kavu.

"Lifti iko kwenye matengenezo," Slaidi alisema bila kupepesa macho.

Mama yule aliutazama mlango wa lifti. Mtu alikuwa ameanika hapo matambara ya kudekia.

"Naona," alijibu.

Wakapanda. Ghorofa ya tano Slaidi alitamani ardhi ipasuke, ila ardhi yenyewe ilikuwa mbali. Pale, chini ya tangazo la kukataza biashara, dada wa baba yake alikuwa akikodisha viti vya plastiki na kuuza maji baridi. Miezi minane Slaidi alikuwa akimpita kama nguzo.

"Karibu mama, kaa, roho isije ikakutoka kwenye ngazi za serikali," shangazi alisema. Kisha akageuka. "Na wewe mwanangu, leo pia hunijui?"

Mgeni alicheka hadi maji yakampalia. Alipotulia aliuliza, "Mji huu nani anatengeneza lifti?"

"Fundi mmoja. Kila ukimpigia yuko njiani."

"Na mbovu ni ngapi?"

"Mtaa huu peke yake kumi na nne. Nilizizungukia zote kabla ya kuchagua ngazi hizi."

"Hii ikipona utafanyaje?"

"Nahamia kwa jirani. Kwani mimi nina shida? Shida ni zenu."

Mgeni akatoa daftari. Simu ya Slaidi ikaita. Alikuwa mkurugenzi, kule juu.

"Mmefika faida ya ngapi?"

"Bado tuko ghorofa ya tano, bosi."

Ya tisa hawakuifikia. Baada ya miezi minne mama yule alifungua kampuni ya kutengeneza lifti, na shangazi akawa mtafuta wateja, maana walinzi wa kila jengo walikuwa washikaji wake. Mkurugenzi akatangaza redioni kwamba hayo ni matunda ya slaidi.

Slaidi aliposikia alikasirika, akacheka, kisha akaenda kuomba kazi kwenye ofisi ya kampuni hiyo mpya.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa sauti, mbele za watu. "Nilikuonea aibu. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa hapo, una watu wawili mbele yako."

Akakaa hadi saa saba mchana, na hakuna aliyemletea hata maji.

Kazi aliipata: kupokea simu za waliokwama ndani ya lifti na kuwatuliza mpaka fundi afike. Wateja wanamsifu sana. Wanasema yule dada wa simu ana sauti ya kukuaminisha kwamba mambo yatakuja kuwa mazuri, hata ukiwa gizani umebanwa na watu sita.